Njia Tasa za Bahari ya Aegean

Meli ya abiria inapoingia kisiwa kidogo cha Ugiriki haifungi gati kwa ubavu. Ikiwa bado nje kidogo, nahodha huigeuza, huangusha nanga za omo, kisha huirudisha kinyumenyume huku minyororo ikiachiwa, mpaka tezi inabaki hatua chache tu kutoka kwenye saruji. Hapo mlango mpana wa nyuma hulazwa chini ukawa daraja. Pilikapilika huanza mara moja: linashuka gari dogo la mizigo lenye mitungi ya gesi, yanashuka masanduku ya maziwa na nyanya, anashuka mwalimu aliyehamishiwa huko, na nyuma yake bibi anayerudi kutoka hospitali, ameshika bahasha ya picha za eksirei. Baada ya dakika chache minyororo inavutwa, meli inajikokota kwa nanga zake yenyewe kutoka gatini, na kisiwa kinanyamaza tena.

Ufungaji huu una sababu. Magati ya visiwa hivi ni mafupi. Meli yenye urefu wa zaidi ya mita mia haina pa kulala. Nanga za mbele huizuia omo isisukumwe na upepo wa pembeni wakati tezi imeshikwa kwa kamba. Upepo ukizidi hata nanga hazitoshi, na nahodha anaweza kuiruka bandari hiyo akaendelea na safari, abiria wa kisiwa hicho wakiwa bado ndani. Kwa hiyo ukisikia jina la kisiwa chako likitangazwa kwenye vipaza sauti, usisubiri kuona taa za gati. Teremka kwenye sitaha ya magari, tafuta mzigo wako kwenye rafu yenye jina la kisiwa hicho, usimame na wenzako. Meli haimngoji mtu.

Wasomaji wanaoishi Ulaya huniuliza mara kwa mara kwa nini ratiba za meli hizi zinamtesa msafiri. Utafika saa tisa za usiku, au ukute meli inayorudi ni ya keshokutwa, au uzungushwe visiwa vitano kabla ya kufika kimoja. Jibu langu ni kwamba ratiba hiyo hakupangiwa mtalii. Meli ya kisiwa cha mbali ni barabara ya wenyeji, na mgeni anapita katika barabara ya watu.

Chukua Express Skopelitis, meli ndogo ambayo kwa miaka mingi imeunganisha Amorgos na Naxos kupitia Donousa, Koufonisi, Schinoussa na Iraklia. Kwa desturi huondoka Amorgos asubuhi na mapema, ikafika Naxos kabla ya mchana, na alasiri ikarudi ilikotoka. Mtalii aliyelala Naxos huona saa zimepinduliwa, maana yeye alitaka kuondoka asubuhi. Mtu wa Schinoussa mwenye miadi ya daktari, au mwenye karatasi ya kugongesha muhuri katika ofisi ya Naxos, anaziona zimenyooka kabisa: huenda asubuhi, humaliza shida yake, jioni akalala nyumbani kwake.

Sasa, nani analipia barabara ya namna hii? Wagiriki wana jina la njia hizi, agoni grammi, yaani njia tasa. Ni neno la mkulima, neno la ardhi usiyoweza kuvuna kitu. Zamani serikali ndiyo iliyogawa leseni za njia, na kampuni iliyopewa njia nono ilibanwa kuhudumia na zile kavu. Kanuni ya Ulaya namba 3577 ya mwaka 1992 ilifungua usafiri wa ndani ya nchi kwa ushindani. Ugiriki ilikuwa imepewa muda hadi 2004, lakini kwa sheria yake ya 2001 ilifungua soko mapema, Novemba 2002. Tangu hapo kampuni ziko huru kukimbilia Paros, Naxos na Santorini, ambako mwezi wa Agosti sitaha hujaa pomoni. Lakini kisiwa cha watu mia na hamsini hakirudishi hata gharama ya mafuta mwezi wa Januari. Kanuni ileile ya Ulaya inairuhusu serikali kuingia mkataba na kampuni na kulipa fidia ili meli ipite hata ikiwa imebeba abiria wanne. Ndizo njia tasa hizo, na kila mwaka bajeti ya taifa hutenga fedha zake.

Mwaka 2018 Ugiriki ilikwenda hatua nyingine. Ilianza kumrudishia mkazi wa kisiwa tofauti kati ya nauli ya meli na kiasi ambacho angelipa kwa umbali uleule kama angesafiri nchi kavu. Nimefuatilia sera nyingi za usafiri, na hii naiona ya haki kuliko nyingi, kwa sababu inaanza na swali sahihi: mtu huyu angelipa nini kama bahari isingekuwapo? Kwa mkazi wa Kastellorizo swali hilo ni zito. Kisiwa chake kiko kilomita mbili hivi kutoka pwani ya Uturuki, na kama kilomita 125 kutoka Rhodes, ambako ndiko kwenye hospitali na ofisi za nchi yake. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, safari ya meli ya kawaida hadi huko huchukua usiku na mchana.

Fedha zikipatikana, bado kuna upepo. Kati ya Juni na Septemba, na hasa Julai na Agosti, Bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Wagiriki wa kale waliziita pepo hizi Etesia, pepo za kila mwaka, kama sisi tunavyoita nyakati zetu msimu. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuna undugu hapa unaostahili kujulikana. Kiangazi cha kaskazini kinapofika, bara la Asia hupata joto kali, na hewa iliyopata joto huacha eneo kubwa la kanieneo ndogo kusini mwa Asia. Eneo hilo ndilo linalovuta upepo kutoka kusini mwa ikweta, nasi tunauita kusi. Ukishavuka ikweta hupinda kuelekea India. Ulimi wa eneo hilohilo hunyooka magharibi hadi Uturuki, wakati juu ya nchi za Balkani kanieneo ni kubwa. Upande wa kaskazini wa dunia hewa huzunguka kanieneo ndogo kinyume cha mikono ya saa, hivyo Aegean, iliyo ubavuni mwake upande wa magharibi, hupata upepo unaoshuka kutoka kaskazini. Wakati kusi linavuma Lamu na Kilwa, meltemi inavuma Amorgos, na chanzo kimoja kinazivuta zote mbili.

Meltemi humdanganya mgeni kwa kuwa haiji na mawingu. Anga ni buluu, jua linawaka, mezani kahawa inapoa polepole, na papo hapo gatini hakuna meli inayotoka. Kipimo ni kile kilichobuniwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Kwa kawaida upepo ukitabiriwa kufika kiwango cha 8, yaani kilomita 62 hadi 74 kwa saa, mamlaka ya bandari huzuia meli za abiria kuondoka. Boti za kasi na vyombo vidogo huzuiwa mapema zaidi. Neno utakalolisikia ni apagoreftiko, katazo, nalo halina mjadala: anakaa mtalii, anakaa bwana harusi, unakaa na mzigo wa samaki.

Wapo wageni wanaolalamika kwamba katazo ni uvivu wa wenyeji. Maneno haya huniudhi. Desemba 1966 meli Heraklion ilikuwa ikitoka Crete kwenda Piraeus katika dhoruba, lori la friji likakatika kamba, likagonga mlango wa kupakilia hadi ukaachia. Walikufa zaidi ya watu 200. Watu wa Crete walichukua hatua ambayo sijui kama ina mfano mkubwa kwingineko: mwaka uliofuata walichangishana hisa wakaanzisha kampuni yao ya meli, ANEK. Kisha usiku wa 26 Septemba 2000, Express Samina, meli ya mwaka 1966, iligonga miamba ya Portes nje kidogo ya bandari ya Paros. Wenye zamu hawakuwa wakiangalia mbele ipasavyo, na milango ya ndani ya kuzuia maji, ambayo ilitakiwa kufungwa, ilikuwa wazi, maji yakapita chumba hadi chumba. Wavuvi wa Paros walitoka na vyombo vyao gizani, bahari ikiwa imechafuka, wakaokoa wengi. Watu 81 hawakurudi.

Na ajali ya tatu ni yetu. Spice Islander I, iliyozama 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu wengi mno kupita uwezo wake, ilianza kazi mwaka 1967 katika maji ya Ugiriki, ikiitwa Marianna. Visiwa vile na vyetu viliwahi kubebwa na chombo kilekile. Ninaposoma tangazo la katazo kwenye mlango wa wakala wa tiketi, siioni siku iliyopotea.

Basi msafiri ajipange hivi. Usikate tiketi ya ndege ya siku ileile unayotoka kisiwani. Acha usiku mmoja katikati, na mwezi wa Agosti acha miwili. Ukiweza kuchagua, panda meli kubwa ya kawaida badala ya boti ya kasi: ni ya polepole, lakini hutoka siku ambazo boti imefungwa, tena hukuruhusu kukaa nje. Anayelewa mawimbi akae katikati ya meli, sitaha ya chini, aangalie upeo wa macho, asikae omo. Pia jua haki zako. Kanuni ya Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inasema safari ikifutwa, au kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90, una hiari ya kupelekwa kwa njia nyingine au kurudishiwa nauli. Malazi nayo yamo, hadi euro 80 kwa usiku kwa siku tatu, lakini si pale ambapo hali ya hewa ndiyo iliyohatarisha safari. Kwa hiyo katika siku za meltemi nauli yako utarudishiwa, ila chumba utajilipia. Weka akiba ya fedha taslimu kwa ajili hiyo, maana si kila kisiwa kina mashine ya kutolea pesa.

Na ukizuiliwa, kaa. Kati ya Crete na Peloponnese kuna Antikythera, kisiwa chenye wakazi wachache sana, ambacho majira ya baridi kinaweza kukaa siku kadhaa bila meli. Mwaka 1900 wapiga mbizi wa sponji kutoka kisiwa cha Symi walijificha hapo dhoruba ikiwazuia kuendelea. Wakisubiri upepo upungue, waliona heri wapige mbizi hapohapo. Mmoja wao, Elias Stadiatis, aliibuka ametishika, akisema ameona maiti nyingi chini. Zilikuwa sanamu, shehena ya meli iliyozama zaidi ya miaka elfu mbili nyuma. Ndani ya shehena hiyo kulikuwa na bonge la shaba lililooza, ambalo baadaye lilionekana lina magurudumu ya meno: mashine ya kukokotoa mienendo ya jua na mwezi. Leo iko katika Jumba la Makumbusho ya Akiolojia la Taifa, Athens, mwendo mfupi kwa treni kutoka magati ya Piraeus.