Mizinga Haikuliangusha, Maji Yaliliangusha

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, jumba la Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Unguja lilibomoka upande wake wa mbele, likaanguka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Ukarabati ulikuwa ukiendelea siku hiyo hiyo. Wengi waliiita ajali. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2012 sehemu ya jengo hilo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na makumbusho yaliyokuwa ndani yakafungiwa wageni. Jumba lilikuwa limebisha hodi miaka minane.

Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya dhifa na sherehe za dola yake. Wakati huo, upana wa chumba katika nyumba za mawe za mwambao ulitegemea urefu wa boriti ya mkoko. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba. Barghash aliagiza nguzo na mihimili ya chuma, akapata kumbi pana na roshani zilizozunguka jengo zima. Hapo ndipo taa za umeme zilipoanza kuwaka Unguja, na lifti ikaja baadaye. Watu wakaliita nyumba ya maajabu, na jina likaganda.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga makao ya Sayyid Khalid bin Barghash, katika vita visivyotimiza hata saa moja. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, liliharibika vibaya mno. Beit al-Ajaib lilibaki limesimama.

Basi ni nini kilichoweza kufanya kazi iliyoshinda mizinga? Nyumba ya mawe ya matumbawe huishi kwa chokaa. Lipu ikipasuka, mvua hupenya. Boriti huoza, na chuma hushika kutu, kikavimba na kulipasua jiwe linalokishika. Kuziba ufa wa kwanza ni kazi ya fundi mmoja na karai lake. Walakini hakuna mgeni rasmi anayealikwa kukata utepe mbele ya ufa uliozibwa. Fedha huja jengo likishaanza kuinama, tena aghalabu kutoka nje. Hata ukarabati wa Beit al-Ajaib ulitegemea mkono wa Oman. Nasi methali ya ufa na ukuta tunaifundisha darasani kila muhula!

Hasara si ya Wazanzibari peke yao. Ndani ya makumbusho yale uliwekwa mtepe uliojengwa upya kwa mfano wa vile vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ambavyo mabaharia wa visiwa vya Lamu walivifahamu kama viganja vyao. Mwanafunzi wa Faza angeweza kuvuka bahari akakuta kazi ya babu zake.

Walimu wanaowapeleka wanafunzi Fort Jesus au Lamu huwataka waandike ni nani aliyejenga, na mwaka gani. Watahini nao huuliza hayo hayo. Swali la nani aliyetia chokaa mara ya mwisho, na ni nani aliyemlipa, sijapata kuliona katika karatasi yoyote ya mtihani.