Mdako waingia darasani: Mchezo unavyomfundisha mtoto kuhesabu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KISHIMO kidogo ardhini, kokoto kumi na mkono mwepesi. Hivyo ndivyo vifaa pekee vinavyohitajika kucheza mdako, mchezo ambao wasichana wa Tanzania wameucheza kwa vizazi vingi nyuma ya nyumba na katika viwanja vya shule, bila mtu yeyote kuuita somo.

Mkoani Dodoma, ambako ardhi ni kavu sehemu kubwa ya mwaka na kokoto hazinunuliwi, mchezo huo unatoa mfano mwepesi wa jambo ambalo wataalamu wa elimu ya awali wamekuwa wakilisisitiza huku wazazi wengi wakilitilia shaka. Jambo lenyewe ni kwamba mtoto wa miaka sita au saba huweza kujifunza kuhesabu na kusoma kwa kucheza, tena kwa uhakika zaidi kuliko anapokaa kwenye dawati akiitikia yaliyoandikwa ubaoni.

Shaka hiyo si ya kubezwa. Mzazi apitaye karibu na shule saa nne asubuhi na kumwona mwanawe amechuchumaa uwanjani na wenzake wanne akirusha mawe, ana haki ya kujiuliza kama mwalimu anafundisha au amejipumzisha. Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe.

Katika mdako, mchezaji hurusha jiwe moja juu na, kabla halijarudi chini, huzoa kwa mkono uleule kokoto zilizomo kishimoni na kuzitoa nje, kisha hulidaka jiwe lake. Akirusha mara ya pili, huzirudisha kokoto zote kishimoni isipokuwa moja, ambayo huwa mali yake. Mwenye kukosa kudaka, au mwenye kubakiza idadi isiyotakiwa, humpisha mwenziwe. Kokoto zikiisha kwa kuchukuliwa moja moja, duru inayofuata ni ya mbili mbili, halafu tatu tatu, na kuendelea.

Mwalimu anayeutazama mchezo huo kwa jicho la ufundishaji huona ndani yake sehemu kubwa ya hesabu za darasa la kwanza. Kumi ukitoa moja, zimebaki tisa. Zikichukuliwa mbili mbili, zamu ni tano na kishimo ni kitupu. Zikichukuliwa tatu tatu, baada ya zamu ya tatu hubaki kokoto moja isiyo na mwenzake. Mtoto hana jina la kuiita ile moja, wala kwa wakati huo halihitaji. Atakapofika madarasa ya juu na kufundishwa habari ya baki katika kugawanya, atakuwa anakumbushwa kitu alichokwisha kukishika mkononi.

Aidha, mchezo huo hautoi nafasi ya kukariri. Jiwe likiwa angani, mchezaji hana muda wa kuhesabu kwa vidole. Hulazimika kuitambua idadi ya kokoto tatu kwa kuzitupia jicho mara moja tu. Uwezo huo wa kuona idadi ndogo bila kuihesabu ni miongoni mwa misingi ambayo hesabu nyingine hujengwa juu yake.

Sekunde 18 kwa kila mtoto

Kipindi kimoja katika darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Katika darasa lenye watoto 100, idadi ambayo si ngeni katika shule za serikali, mwalimu akiamua kumwita kila mmoja ubaoni, kila mtoto hupata sekunde 18, na hapo haujahesabiwa muda wa kutoka kwenye dawati na kurudi. Kwa kawaida wanaoitwa huwa ni walewale wanaokaa mbele na walio hodari wa kunyoosha mikono. Waliobaki huitikia kwa pamoja.

Darasa hilohilo likigawanywa katika makundi 20 ya watoto watano watano, mikono 20 hufanya kazi kwa wakati mmoja. Katika dakika kumi za mchezo kila mtoto hupata dakika mbili za kurusha, kuchukua na kuhesabu, na anapokosea husahihishwa papo hapo na wenzake wanne, ambao hawana huruma wala fimbo. Kosa katika mdako humnyima mchezaji zamu, basi. Kwa mtoto mwoga, ambaye kosa lake ubaoni lingeleta kicheko cha darasa zima, hiyo ni nafuu kubwa.

Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837 na miaka mitatu baadaye kuibuni jina la bustani ya watoto, alitetea mchezo kwa sababu ya maumbile ya mtoto. Nchini Tanzania sababu nyingine imeongezeka, nayo ni uchache wa walimu.

Uchache huo una historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, uliwaingiza shuleni watoto wengi waliokuwa wakizuiwa na ada. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, wimbi la pili likaja: idadi ya watoto wa madarasa ya awali ilipanda kutoka karibu milioni 1.07 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliofuata, wakati walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwa Dodoma palikuwa na mzigo wa ziada. Uamuzi wa mwaka 2016 wa serikali kuhamia makao makuu, na hatimaye mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, ulileta familia nyingi katika maeneo kama Nkuhungu, Nzuguni na Ilazo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni jiji. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179.

Matokeo ya wingi wa wanafunzi bila usomaji yalianza kuonekana hadharani mapema. Ripoti ya kwanza ya Uwezo, iliyotolewa mwaka 2010 baada ya watoto kupimwa majumbani mwao, ilionyesha kuwa takribani watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, na Januari 2024 ukaanza kutumika mtaala mpya wa elimu ya awali na msingi. Mitaala yote miwili inamtaka mwalimu ampe mtoto kazi za kutenda. Kuandika hivyo katika mtaala ni jambo moja. Kulitenda mbele ya watoto 100 ni jambo jingine.

Duka la darasani

Ipo sababu nyingine inayoufanya mchezo uwe wa lazima katika uwanda wa kati, nayo ni lugha. Watoto wengi wa vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa huingia darasa la kwanza wakizungumza Cigogo. Kondoa wapo wa Kirangi, Kongwa wapo wa Kikaguru, na Chemba wapo wa Kisandawe, lugha yenye sauti za vidoko ambayo haina udugu wowote na lugha za Kibantu.

Wote hao hukuta Kiswahili kikiwasubiri mlangoni. Mtoto aliyezoea kuwahesabu mbuzi wa baba yake jioni bila kukosea huweza kudhaniwa mjinga kwa sababu tu hajui jina la Kiswahili la namba anayoifahamu. Naye, kama walivyo watoto wote wenye akili, huchagua kunyamaza.

Mchezo wa duka ndio dawa iliyozoeleka zaidi kwa ukimya huo. Mwalimu hukusanya boksi, pakiti tupu za chumvi na majani ya chai, mbegu za ubuyu na vizibo vya soda. Kizibo kimoja kinasimama badala ya shilingi 100. Muuzaji anakaa nyuma ya boksi, mnunuzi anakuja na vizibo vitano kununua chumvi ya 300, na hapo hakuna njia ya kukwepa kusema. Lazima aombe, aulize bei na adai chenji yake. Mtoto ambaye hakusema neno wiki nzima husema anapoona anataka kupunjwa.

Mpango wa Kuinua Ubora wa Elimu (EQUIP-Tanzania), uliogharamiwa na serikali ya Uingereza kati ya mwaka 2014 na 2020 na kuihusisha Dodoma, uliijengea hoja hiyo utaratibu. Katika vijiji ambavyo madarasa ya awali yalikuwa mbali, wakazi wa kijiji walipewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi, wakawaandaa watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla ya kuanza darasa la kwanza. Kwa kuwa walikuwa wenyeji, mtoto aliyejibu kwa lugha ya nyumbani alieleweka, kisha akapewa neno la Kiswahili. Mpango wa Shule Bora, ulioanza mwaka 2022, nao uliiweka Dodoma na jirani yake Singida katika orodha ya mikoa yake tisa.

Si kila kelele ni mchezo

Hata hivyo, yapo madarasa yanayoitwa ya michezo ambayo kwa hakika ni ya kukariri yaliyovikwa nguo mpya. Watoto 100 wakiimba namba kutoka moja hadi ishirini huku wakipiga makofi hupendeza, hususan katika mkoa huu ambao muziki wake wa zeze, ilimba na ngoma ya muheme umesikika duniani kupitia marehemu Hukwe Zawose. Lakini wimbo wa pamoja huweza kumficha mtoto asiyejua kwa mwaka mzima. Anafungua mdomo pamoja na wenzake, na mwalimu haoni kitu.

Kipimo cha haraka ni kuuliza kama katika mchezo husika kuna mahali ambapo mtoto asiyejua hukwama. Katika wimbo hapana. Katika mdako na katika duka, papo.

Ndivyo ilivyo pia kwa kadi za silabi zinazokatwa kutoka kwenye maboksi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni neema kwa msomaji mchanga: kundi lenye kadi za ka, ta na ma hupata kata, taka na kama kwa kubadilisha nafasi tu. Anayebahatisha huumbuka mara moja, kwa kuwa wenzake wanataka neno lenye maana. Hapo ndipo mwalimu anayezunguka na daftari lake huandika nani amekwama na wapi, taarifa ambayo kuitikia kwa pamoja hakuwezi kumpatia kamwe.

Kuzunguka huko ndiko kunakomchosha mwalimu. Mchezo wa dakika kumi huhitaji maandalizi ya jioni iliyotangulia, makundi yaliyopangwa, na kanuni kuhusu mawe, maana jiwe lililorushwa huweza pia kumwangukia mtu. Ruzuku iliyopangwa elimu bila malipo ilipoanza ilikuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ilikuwa ya vitabu. Ndiyo maana vizibo na kokoto havikuwa chaguo la kimapambo.

Njaa nayo ina neno. Katika miaka ya ukame, ambayo Dodoma inaifahamu vizuri, mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hukaa pembeni wenzake wakicheza. Mpango wa Chakula Duniani (WFP) uliwahi kugharamia chakula cha wanafunzi katika shule za Dodoma na Singida kwa sababu hiyo. Bila uji wa saa nne, mchezo na ubao huwa sawa.

Mjini kikwazo ni tofauti. Wazazi wengi, hasa wenye watoto katika shule binafsi, huupima ujuzi wa mtoto kwa kurasa za daftari zilizojaa na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kokoto haziji nyumbani kwenye begi. Mwalimu anayejua kuwa mzazi atauliza daftari liko wapi hulazimika kulijaza, hata kama aliyejaza amenakili tu umbo la herufi asizozijua. Shule iliyo tayari kumwalika mzazi akae nusu saa na kundi moja la watoto ingemaliza mabishano hayo kwa urahisi zaidi kuliko mkutano wowote.

Kisheria mzazi hana pa kusimamia kupinga mchezo wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Umoja wa Mataifa nao, mwezi Machi 2024, uliitangaza Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto.

Wavulana, kwa upande wao, huwa na pingamizi lao: wanauita mdako mchezo wa wasichana. Pingamizi hilo kwa kawaida hudumu hadi msichana wa kwanza anapozichukua kokoto zote kumi mbele yao.

Limebaki suala la mvua. Mwaka wa shule huanza Januari, na Januari mkoani Dodoma ni katikati ya masika yake mafupi, wakati uwanja umelowa na watoto wapya wamejazana ndani. Sakafu ya saruji haichimbiki kishimo. Huchorwa duara la chaki chini, watoto watano wakalizunguka, na kokoto zikawekwa katikati.