Probox: dereva ana orodha yake, aliye nyuma ana yake

Embulbul iko kwenye barabara itokayo Karen kwenda mji wa Ngong, upande wa Kaunti ya Kajiado. Ukisimama kituoni hapo asubuhi, huhitaji kuhesabu sana ujue ni gari gani linalofanya kazi. Ni Probox. Moja imepakia mikate, ya pili magunia ya viazi, ya tatu mitungi ya gesi, na ya nne watu na kuku pamoja. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, riziki ndiyo iliyonileta huku bara. Huletewa nazi, ndimu na papa mkavu kutoka nyumbani, nikavisambaza kwa wateja wa Ngong, Kiserian na Kitengela, na gari ninalokodi ni hilo hilo.

Siku moja nikisubiri mzigo niliwauliza madereva: mngekaa na mhandisi wa Toyota leo, mngemwambia abadilishe nini? Majibu yalikuja kama mvua. Springi za nyuma. Gari liinuliwe. Giaboksi. Vumbi. Madirisha. Kila mmoja alikuwa na lake, na karibu yote yalikuwa ya haki. Lakini hakuna aliyetaja kiti cha nyuma. Mimi pia nisingekitaja, lau si lililonipata barabarani. Nitalieleza, ila kwanza tulielewe gari lenyewe.

Gari lilizaliwa kubeba nini?

Probox ilitoka Japani mwaka 2002, ikachukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Haikubuniwa kuwa gari la familia. Ilibuniwa kwa makampuni: fundi na vifaa vyake, muuzaji na sampuli zake, mtu mmoja au wawili mbele na shehena nyuma. Kulikuwa na toleo la abiria pia, lakini hilo lilikoma, na zilizojaa barabarani kwetu ni zile zilizosajiliwa Japani kama gari la mizigo.

Hapo ndipo penye siri. Sheria ya Japani inataka gari la mizigo liwe na nafasi ya mizigo kubwa kuliko nafasi ya abiria wa nyuma. Mbunifu afanye nini? Anakisogeza kiti cha nyuma mbele, anakifanya chembamba, anashusha mgongo wake, na anahakikisha kinakunjika kikalala sawa na sakafu. Wanaolalamika kwamba magoti yao yanagusa kiti cha mbele hawajakosea. Kiti kile kiliwekwa kwa ajili ya safari fupi ya mtu wa ziada, si kwa mama mwenye mtoto mapajani kutoka Ngong hadi Kitengela.

Uzito nao una hesabu yake. Zile za kawaida zimeruhusiwa kilo 400 za mzigo wakiwa watu 2 ndani, au kilo 250 wakiwa watu 5. Na Wajapani humhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Kwa hiyo watu 5 na mzigo wao ni kama kilo 525 kwa jumla. Sasa tupige hesabu ya kwetu. Watu 7 wa kilo 70 ni kilo 490. Ongeza magunia 3 ya kilo 50, umefika kilo 640. Gari limezidiwa kwa zaidi ya kilo 100, na kondakta bado anaita.

Orodha ya dereva

La kwanza kwa madereva wote lilikuwa springi. Za nyuma ni za koili, laini kiasi, na zikizidiwa gari hukaa kitako. Kwenye njia za ndani za Embulbul zenye mawe, na kwenye udongo mweusi wa Kitengela unaogeuka ugali mvua ikinyesha, gari lililokaa kitako hukwaruza tumbo. Ndiyo maana mafundi huweka koili nene zaidi, au huingiza vipande vya kuinulia. Gari husimama wima, dereva akafurahi.

Lakini hapa pana mtego ambao kila mwenye gari anapaswa kuujua. Springi ngumu haziongezi uwezo wa gari, zinaficha tu dalili. Breki zimebaki zile zile: diski mbele, ngoma nyuma. Ekseli ni ile ile, na tairi ni zile zile. Zamani gari lilikuwa likikaa kitako na kumwambia dereva, "basi, yatosha." Sasa limenyamaza. Tairi nazo zitazameni: za asili ni za gari la mizigo, zenye tabaka la kubeba uzito, lakini zikiisha wengi hununua za saluni kwa sababu ni rahisi. Ukiweka koili ngumu juu ya tairi laini umeondoa udhaifu pahali pamoja na kuuhamishia pengine.

La pili ni giaboksi. Probox za kwanza zilikuja na gia za mkono au otomatiki ya gia 4. Zilizobuniwa upya mwaka 2014 zilikuja na ile ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka katikati ya puli mbili. Inapunguza mafuta, lakini haipendi joto la kupanda mlima na mzigo mzito, na inataka oili yake maalumu. Madereva wanaopanda kutoka Kiserian wamejaa wanatamani gia za mkono. Nawaelewa. Ila nyingi ya lawama za CVT huanzia gereji, pale inapotiwa oili yoyote iliyopo kwenye rafu.

La tatu ni vumbi. Mlango wa nyuma ni mkubwa, na gari likienda kasi kwenye barabara ya changarawe hewa nyuma yake huzunguka na kuvuta vumbi ndani kupitia kila upenyo. Mpira wa mlango ukichoka, mikate inafika na rangi ya ardhi. Mpira mpya si ghali, na ni kazi ya nusu saa.

La nne ni madirisha ya nyuma, ambayo kwenye nyingi huzungushwa kwa mkono. Hilo mimi simo. Cha kuzungusha kwa mkono hakiungui waya, na kwetu Pwani, penye chumvi hewani, ni baraka.

Mtu wa Pwani angeongeza la tano: kutu. Gari likifanya kazi ya samaki Malindi au Vanga, maji ya chumvi hutiririka chini ya zulia la buti na kuila sakafu polepole bila kuonekana. Inafaa sakafu ya nyuma iwe na tundu la kutolea maji na bamba linalong'oka ili kuosheka. Mpaka hapo ipatikane, inua zulia, osha kwa maji baridi, acha mlango wazi ikauke.

Lililonipata

Ilikuwa safari ya kawaida ya Kiserian kwenda Isinya, kisha Kitengela. Mbele palikuwa na mteja mmoja mama mtu mzima, nami nikampisha nikakaa nyuma. Buti lilikuwa na magunia 2 ya nazi chini, na juu yake dumu la mafuta ya kupikia la lita 20. Mbuzi wakaingia barabarani. Dereva, kijana mwangalifu wala hakuwa na kasi kubwa, akakanyaga breki. Mbuzi walipona wote. Dumu lilipita juu ya mgongo wa kiti, likanipiga begani na kuangukia miguuni mwa abiria mwenzangu. Lingepita kushoto kidogo, lingenipata kichwani.

Dereva aliomba radhi mpaka nikaona haya. "Mzee, nisamehe, sikulifunga." Lakini hata angetaka kulifunga, angelifunga na nini? Kati ya buti na kichwa changu hapakuwa na wavu wala chuma, ni ule mgongo mfupi wa kiti tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo kinakwenda kilomita 50 kwa saa. Breki hushika magurudumu, hazishiki gunia. Kugongwa na gunia kwa mwendo huo ni sawa na kuangukiwa nalo kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama kuangukiwa kutoka mita 25. Sisi tunaujua urefu huo: ni kilele cha mnazi mrefu. Hakuna Mpwani anayelala chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Lakini kila siku tunawaketisha wake zetu na watoto wetu chini ya nazi hizo hizo, zimesimamishwa tu kwa kuombea dereva asifunge breki.

Kwa nini kiti cha nyuma hakina mtetezi?

Probox ilipobuniwa upya mwaka 2014, sehemu ya mbele ndiyo iliyofanyiwa kazi zaidi. Mtu anayeshinda ndani ya gari alifikiriwa vizuri: pahali pa simu, meza ya kuvuta ya kuandikia au kulia chakula, hata nafasi ya pakiti ya kinywaji ya lita 1. Yote hayo ni kwa sababu dereva wa Japani aliulizwa na akasikilizwa. Nyuma kukabaki nyuma. Si kwamba Wajapani ni wabaya. Kwao nyuma hakukai mtu.

Sisi ndio tuliokaa nyuma, na sisi hatuna pa kusemea. Gari linatufikia likiwa limetumika. Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka 8, na yakishuka bandarini Mombasa mbunifu ameshamaliza kazi yake zamani. Dereva wa Embulbul analipia springi kwa mfuko wake, kwa hiyo springi ndiyo ya kwanza kwenye orodha yake. Kiti kibovu kinalipiwa na abiria, tena siku ya ajali tu.

Tusiseme haiwezekani. Peugeot 504 ya mgongo mrefu, ambayo wazee wetu waliipanda safari za mbali, ilikuwa na toleo la safu 3 za viti, vyote vikitazama mbele, na ekseli ya nyuma iliyotayarishwa kwa uzito huo. Lile lilikuwa gari lililobuniwa tangu mwanzo kubeba watu wengi. Na mabadiliko yanaweza kufanywa hapa hapa. Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kazi, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na abiria wasiozidi 14 kwenye zile ndogo. Wengi walitembea kwa miguu siku zile, wakalaumu. Lakini mafundi wetu walifunga mikanda kwenye magari ambayo hayakuja nayo. Hawakungoja barua kutoka Japani.

Ya kufanya wiki hii

Kwanza, wavu wa chuma nyuma ya kiti cha nyuma, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, uliofungwa kwa boliti kwenye bodi na si kwenye kiti. Fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza akipewa vipimo. Asiuchomelee kwenye bodi moja kwa moja: boliti hufunguka siku ya mzigo mrefu, na bodi haiungui.

Pili, vuta mikanda yote ya nyuma. Mara nyingi imezama chini ya kiti kwa sababu kiti kilikunjwa miaka bila kuinuliwa. Inapatikana, inahitaji kutolewa na kuoshwa.

Tatu, kizito kikae chini, kiegemee mgongo wa kiti, na kisipite urefu wake. Dumu halikai juu ya gunia. Kikipita urefu huo, kifungwe kwa kamba.

Nne, kiti kikishainuliwa, kitikise. Kama kifungio hakilii "tak," kiti hicho ni cha maonyesho.

Tano, ukitaka kuongeza springi, anza na breki na tairi. Na ukishaongeza, usiongeze mtu.

Niliporudi Embulbul nilimkuta yule kijana ameshaweka wavu. Aliutengenezea hapo hapo, wenzake wakamcheka kwamba amefuga kuku. Wiki iliyofuata mmoja wao aliniomba vipimo. Nimempa. Nimevipima pia kwa ajili ya shemeji yangu wa Likoni, ambaye kila Ijumaa anawapeleka watoto Ukunda kwa Probox, na madafu nyuma.