Simu Kiganjani au Dawati Chuoni?

Ikiwa unaye kijana aliyemaliza kidato cha sita, huenda swali hili limekwisha kubisha hodi nyumbani kwako: akapange chumba Njiro, karibu na Chuo cha Uhasibu, au abaki nawe Usa River asomee kwenye simu?

Kusoma mbali na mwalimu si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970, taifa lilipoazimia kila mtoto apate elimu ya msingi, maelfu ya vijana walijifunza ualimu huko huko vijijini walikokuwa wakifundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, pamoja na wakufunzi waliowatembelea. Zingatia hilo la mwisho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho hakikutosheka na maandishi matupu. Kiliweka vituo mikoani, Arusha ikiwamo.

Intaneti imeleta kasi. Somo lililokuwa likingoja sanduku la barua sasa hufika kabla chai haijapoa. Kwa muuguzi wa zamu au karani asiyeweza kuacha mshahara wake kwa miaka mitatu, hiyo ni neema, wala nisingemshauri vinginevyo. Yeye anajua anachokitafuta, na kazi imekwisha mfundisha kuzigawa saa zake.

Kijana wa miaka 19 ni mtu mwingine, hasa akiwa binti. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, wanafunzi walirejea majumbani, na majumbani mwetu anayetazama simu huhesabiwa kuwa hana kazi. Huitwa achote maji, apike, ambebe mdogo wake. Akiondoka kwenda chuoni, hakuna amwitaye. (Hapa wakosaji ni sisi wazazi, si mtandao.)

Tena yapo masomo yasiyopita katika kioo cha simu. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978, na hata leo anayejifunza kukereza chuma hana budi kusimama mbele ya mashine, na fundi awe ubavuni mwake. Picha itamwonyesha namna ya kushika. Haitamkamata mkono anapokosea.

Kabla hujalipa ada, uliza kama kozi inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, au na NACTVET ikiwa ni cheti au stashahada. Uliza mafunzo ya vitendo na mitihani hufanyika wapi. Piga hesabu ya bando, maana mihadhara ya video huila upesi. Ulinganishe na kodi ya chumba, nauli na chakula.

Na akibaki nyumbani, mpe meza, taa, na saa ambazo hataitwa jikoni. Kaka zake nao wanajua njia ya bombani.