Kiacheni Kimeo cha Mtoto

"Nesi, si tungemkata kimeo kwanza?" Bibi ameshuka na mjukuu kutoka Mgeta, mtoto anahema juu juu, kifua kinabonyea, na swali ndilo hilohilo. Hapana, bibi. Asikatwe.

Simama mbele ya kioo, panua kinywa. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa ndicho kimeo, na kila mtu anacho. Nimonia inayomfanya mtoto aheme hivyo iko chini kabisa, kwenye vifuko vidogo vya hewa vya mapafu, vimejaa usaha na majimaji. Wembe haufiki huko. Koo likivimba, kimeo nacho huvimba kikaonekana kirefu, basi kinahukumiwa. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango kwa sababu paa linavuja. Na yule wa jirani aliyekatwa akapona? Huenda alikuwa na mafua tu. Mafua huisha yenyewe. Sifa akapewa mkata vimeo.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba wembe huo unaharibu kazi yetu. Muuguzi anahangaika makohozi yatoke, hewa ipite. Mtoto aliyekatwa ana kidonda kooni: damu inaweza kumpalia, kumeza kunauma, ziwa analikataa. Asiponyonya anaishiwa maji, makohozi yanakuwa mazito na kunata, na nguvu za kukohoa hana. Bado sijataja pepopunda, wala virusi vya ukimwi kwa wembe uliotumika kwa wengine.

Cha kufanya? Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara kwa mara. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi ya dukani, kisha futa taratibu. Mtoe jikoni kwenye moshi wa kuni. Mtu mzima mwenye nimonia aketi, avute pumzi ndefu, akohoe, ateme, na akiweza atembee. Dawa za kuzuia kikohozi acheni. Antibiotiki aliyoandikiwa amalize. Oksijeni na kunyonya makohozi kwa mashine tuachieni wodini. Chanjo ya nimonia ipo kliniki tangu 2013.

Mtoto akitulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, usingoje gari la asubuhi. Tafuta bodaboda usiku huohuo.