Baridi Haizuii Miguu: Namna ya Kuendelea na Mbio Wakati wa Shida



Mwezi huu tunaongea juu ya mbio. Si zile za kukimbia vita, hizo sote tunazijua. Tunasema mbio za hiari, za asubuhi, za afya ya mwili na ya moyo.

Kuanza si kazi, kazi ni kuendelea. Vijana wengi wanaanza na nguvu. Wiki ya tatu mvua inanyesha, matope yanajaa barabarani, mgao unapunguzwa, basi kila mmoja anabaki ndani. Ndugu zetu waliohamia nchi ya tatu nao wana shida yao. Kule Kanada, Norway au kaskazini mwa Marekani, mwezi wa 12 na wa 1 ni theluji na giza. Mtu anatoka kazini jua limeshazama, anajifungia chumbani, mawazo yanamla. Huku matope na njaa, kule baridi na upweke. Lakini kote kinachochoka kwanza ni moyo, si miguu.

Kutoka vumbi la Kakuma hadi kwenye theluji

Wengi wamesikia jina la Lopez Lomong, mtoto wa Sudan Kusini. Mwaka 1991, akiwa na miaka 6, alitekwa na watu wenye silaha siku ya Jumapili, watu wakiwa katika misa. Vijana watatu wakubwa kuliko yeye walimsaidia kutoroka, wakakimbia siku tatu mpaka wakaingia Kenya. Alikaa kambi ya Kakuma miaka 10. Mwaka 2000 alitembea na wenzake maili kadhaa, akalipa shilingi 5 ili aangalie Olimpiki ya Sydney katika televisheni ndogo isiyo na rangi. Alimwona Mmarekani Michael Johnson akishinda mita 400, na tangu siku hiyo akataka kuwa mkimbiaji.

Mwaka 2001 alipelekwa Marekani, katika mji mdogo wa Tully, jimbo la New York. Hapo ni karibu na Syracuse, mji ambao kwa mwaka mmoja hupata theluji ya karibu mita 3 ukijumlisha yote. Fikiria mtu aliyezoea Kakuma, mahali ambapo joto la mchana linapita nyuzi 35! Lakini alijiunga na timu ya mbio ya shule, akaendelea. Mwaka 2007 alipata uraia, na mwaka 2008 alibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2018 na 2019, akiwa amepita miaka 30, alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 10,000.

Wengine watasema: "Huyo alikuwa na kipaji." Ni kweli. Lakini kipaji hakimtoi mtu kitandani asubuhi ya baridi.

Watano wa mwaka 2016

Sasa tuangalie wale ambao hawakushinda medali. Mwaka 2016 kwa mara ya kwanza kulikuwa na Timu ya Wakimbizi katika Olimpiki, mjini Rio. Wakimbiaji watano walitoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Yiech Pur Biel na Paulo Amotun Lokoro. Rose alikuwa amekimbia kilomita 10 kambini bila mazoezi yoyote, akawa wa pili. James na wenzake walikuwa wakisaidiana viatu: mwenye jozi mbili anampa asiye na kitu.

Walifanya mazoezi Ngong, karibu na Nairobi, chini ya Tegla Loroupe, mama wa Kenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994. Ngong ni juu, na asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Kakuma haijui. Walivumilia pamoja. Kule Rio hakuna hata mmoja wao aliyefika fainali. Lakini Rose alibeba bendera ya timu, na wakimbizi dunia nzima wakajiona. Kumbe faida ya mbio haimo katika medali peke yake.

Usisubiri hamu

Hapa ndipo wengi tunakwama. Tunafikiri hamu inakuja kwanza, ndipo mtu anakimbia. Hapana. Mtu anatoka kwanza, hamu inamkuta njiani. Ukisubiri hamu, masika yote yatapita umekaa. Basi fanya hivi:

1. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano saa 12 na nusu asubuhi. Usijiulize kila siku "niende au nisiende?"

2. Tafuta mwenzako. Siku wewe umechoka, yeye atakuita. Siku yeye amechoka, wewe utamwita. Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Punguza, usiache. Siku mbaya kimbia dakika 10 tu, au tembea haraka. Dakika 10 zinalinda desturi yako.

4. Weka alama kwenye kalenda kila siku uliyotoka. Watoto wanapenda sana kazi hii.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kawaida dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kwa siku. Linasema pia kwamba mazoezi yanapunguza huzuni na wasiwasi. Kwa sisi tunaokaa miaka mingi tukingoja jibu, hilo si jambo dogo.

Kwa walio katika nchi za baridi

Wasomeeni ndugu zenu kwa simu. Vaeni nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, si koti moja zito. Ya ndani isiwe ya pamba, sababu pamba inashika jasho, na jasho likipoa linaleta baridi mwilini. Funikeni kichwa, masikio na vidole. Anzeni safari mkielekea upepo, ili wakati wa kurudi, mkiwa na jasho, uwe mgongoni. Penye barafu pigeni hatua fupi. Mjini Oslo mwezi wa 12 mwanga wa mchana ni kama masaa 6 tu, basi vaeni kitu kinachong'aa kwenye taa za magari. Vidole vikifa ganzi na kuwa vyeupe, ingieni ndani haraka. Mwenye pumu aongee na daktari kwanza.

Kwa sisi wa kambini

Tusidanganyane: tumbo tupu halikimbii. Mwezi ambao mgao ni mdogo, tembea badala ya kukimbia. Anayetoka kuugua malaria apumzike mpaka nguvu zirudi, na mama mjamzito aulize kwenye zahanati. Wasichana waende kwa kikundi, jua likiwa limeshatoka, kwenye barabara zenye watu, si kule porini kwenye kuni. Wazazi, msiwazuie, nendeni nao. Kama huna viatu, kimbia penye nyasi au mchanga, na angalia vipande vya chupa na miiba.

Karatasi zetu ziko mikononi mwa wengine. Ni ofisi zitakazosema lini tutaondoka na tutaenda wapi. Lakini saa 12 na nusu ya kesho asubuhi ni yako. Usiku huu ongea na jirani mmoja au mtoto wako mmoja, mpange mahali pa kukutana, na mvua ikinyesha mtoke hivyo hivyo, hata kama ni dakika 10.