Je, Wajua? Weeksville, mtaa ulionunuliwa kwa kulenga kura

Ni kawaida kudhani kwamba mitaa ya Weusi wa Marekani ilizaliwa na ubaguzi peke yake. Weeksville, Brooklyn, unatulazimisha tufikiri zaidi. James Weeks, kuli wa bandarini, alinunua ardhi hapo mwaka 1838, miaka 11 tu baada ya utumwa kukomeshwa katika jimbo la New York. Katiba ya jimbo ya 1821 ilimtaka mwanamume Mweusi amiliki mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mzungu aliondolewa sharti kama hilo. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa makazi na pia haki ya uraia.

Mtu atapinga: wangapi walifikisha dola hizo? Wachache, kweli. Lakini umiliki ulizaa mengine ambayo mpangaji hawezi kuyajenga: makanisa, shule, makao ya yatima na ya wazee, hata gazeti, Freedman's Torchlight, mwaka 1866. Ghasia za 1863 za kupinga kulazimishwa jeshini zilipowatimua Weusi wa Manhattan, baadhi yao walihifadhiwa hapa, na wenyeji wenye hati zao za ardhi mkononi. Nyumba chache za mtaa huu kwenye barabara ya Hunterfly Road, zilizogunduliwa upya mwaka 1968, leo ni makumbusho.